Nimeshika

Alhamisi, 7 Machi 1974

Nimeosha gari asubuhi yote. Vumbi la Doldol limeingia mpaka ndani ya viti, na mavi ya mbuzi huko nyuma, astaghfirullah. Rafiki yangu Saidi, aliyeiazima kuleta mbuzi kutoka huko, aliirudisha jana magharibi. Mbuzi wameuzika, ana furaha. Ati amenijazia na mafuta ya breki, aliona yamepungua. Nikafunua kifuniko, kweli, yamejaa pomoni. Nimeshangaa, maana Saidi ni mkono wa birika. Nikamshukuru.

Breki ziko sawa. Mara ya mwisho kuzitoa upepo tulikuwa wawili kama kawaida, hapa uani. Mimi chini ya gari na spana, Saidi juu kwenye pedali. Nasema kanyaga. Anajibu nimeshika. Nafungua skrubu, upepo unatoka na mafuta, nafunga. Achia. Akiachia kabla sijafunga, upepo unarudi ndani na tunaanza upya. Saidi hajawahi kuachia.

Dada yangu Mwanaisha amejifungua. Jumapili nampeleka Mama huko kwake Kangari akamwone mjukuu.

Jumapili, 10 Machi

Tunaondoka sasa hivi. Saidi amekuja kutuaga. Amemfungia Mama mlango wa gari mwenyewe, amemwambia asisahau kumletea majani ya chai.

Jumatatu, 11 Machi

Mama amevunjika mkono.

Tulikuwa tunashuka kutoka Kangari, mteremko ule mrefu wa mashamba ya chai. Nikakanyaga breki, pedali ikaenda mpaka chini kama godoro. Nikakanyaga tena. Chini. Gia ya pili, ya kwanza, hendibreki, gari inalia tu na kona iko mbele. Nikaigonga kwenye ukingo, upande wa mlima. Upande wa pili ni bonde. Mama hakupiga kelele. Aliita jina langu, basi.

Saidi alifika hospitalini na uji. Akaushika ule mkono mzima wa Mama, akatikisa kichwa. Aliniambia nisijilaumu. Nimejilaumu sana. Gari ni yangu na usukani nilishika mimi.

Jumatano, 13 Machi

Gari imevutwa hadi nyumbani. Mke wangu Zuhura alikaa kwenye pedali, mimi nikafungua skrubu ya gurudumu la nyuma nitafute upepo. Mafuta hayakutoka. Kilitoka kitu cheupe chenye povu. Nikakigusa, kinateleza. Nikanusa. Sabuni ya kufulia.

Maji ya sabuni. Ndani ya breki zangu. Hayo ndiyo mafuta aliyonijazia Saidi.

Nilikaa pale pale matopeni. Maji yakipata joto la breki kwenye mteremko mrefu yanachemka, yanakuwa mvuke, na mvuke haushiki kitu. Kila dereva anajua. Saidi ameendesha lori, anajua kuliko mimi. Mtu akikwama porini atatia chochote afike kwake. Hata mimi ningetia. Lakini ukifika unasema. Unasema, jamani.

Ijumaa, 15 Machi

Nimemngoja Saidi nje ya msikiti. Hakukana. Bomba la breki lililegea njia ya Doldol, mafuta yakamwagika, akakaza na kutia maji ya sabuni. Aliogopa kusema kwa sababu nisingemwazima gari tena, na yuko na mbuzi wengine wa kuleta.

Nikamuuliza kama alijua, Jumapili ile, alipokuwa akimfungia Mama mlango.

Akasema, "Lakini mimi ilinifikisha."

Ilinifikisha! Huyu amekula sahani moja na mimi kwa Mama tangu hatuna meno ya mbele. Angeniibia gari yenyewe ningemsamehe kabla ya magharibi. Nimeumia. Sijui niandike vipi zaidi ya hivyo. Mama hajui kitu, na leo ameuliza mbona Saidi hajaja.

Jumapili, 24 Machi

Mvua kidogo asubuhi. Mama yuko nyumbani, mkono kwenye plasta, analalamika chakula hakina chumvi. Nimebadilisha mipira ya ndani ya breki, nimesafisha mabomba, nimetia mafuta mapya. Imebaki kutoa upepo. Zuhura alikuwa sokoni.

Saidi akaja, hajaitwa. Akafungua mlango wa gari, akakaa pale anapokaa siku zote, mguu kwenye pedali. Sikumfukuza. Kazi hii inataka watu wawili, na nafikiri nilitaka iwe kama zamani.

Nikalala chini. Nikaweka spana. Nikasema kanyaga.

"Nimeshika," akasema.

Mkono wangu haukugeuza spana. Nilingoja, haukugeuza. Nikatoka chini ya gari, nikazunguka mpaka mlangoni, nikainama nikauangalia mguu wake.

Alikuwa ameshika kweli. Amekanyaga kwa nguvu zote mpaka goti linatetemeka. Akaniona ninavyoangalia, akainamisha kichwa.

Nikamwambia aachie, aende nyumbani. Nikakaa kwenye ngazi kumngoja Zuhura.