Maelezo Kuhusu Jenereta Lililohama Mlango

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Bibi Cherehani (ndilo analoitikia mtaani)
Umri: Miaka 67
Kazi: Mshonaji wa sare za shule
Makazi: Chumba cha mbele, nyumba ya wapangaji nyuma ya stoo ya saruji

Nimeonywa niseme kweli tupu. Nimekuja kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Nimemwambia afande aandike ninavyosema, asininyooshee maneno.

Mwalimu mliyemfungia humu tangu jana jioni hajaiba jenereta wala hajajaribu kuliiba. Aliyelisogeza ni mimi. Afande amecheka hapa. Nimemwambia aendelee kuandika.

Naishi na mjukuu wangu wa kike, yuko kidato cha tatu. Anataka kuwa mhandisi, ukimtajia kingine hakusikii. Mwanzoni mwa muhula shule ilimwambia akifeli tena fizikia na hesabu kwenye mtihani wa Jumatatu, yaani keshokutwa, wanamtoa darasa la sayansi. Siku aliyoambiwa hivyo alipita moja kwa moja kitandani na viatu vyake, akageukia ukutani. Chakula hakugusa.

Nikaanza kutafuta mwalimu wa kumfundisha nyumbani. Wa kwanza alikuwa kijana mtanashati, saa nzima kichwa ndani ya simu, mtoto ananakili kitabu tu. Nikamwambia asante baba, kwaheri. Wa pili alijua mambo, hilo simnyimi, lakini mtoto akiuliza anafoka, "Hili nalo hulijui?" Mtoto akaacha kuuliza. Nikamtoa na huyo. Maji yalikuwa yamenifika shingoni. Ndipo mama mmoja mfamasia, nilikuwa nampima gauni huku pini zimenijaa mdomoni, akaniambia yuko mtu aliyemnyanyua mwanawe kutoka mkiani. Akasema, "Ila usishangae, anakuja na ndoo."

Kweli alikuja na ndoo, na watoto wa jirani wakamwita Mwalimu Ndoo siku hiyo hiyo. Aliijaza maji akaizungusha juu ya kichwa chake pale uani. Mimi nimesimama na tambara nasubiri kupangusa, halikudondoka hata tone. Mjukuu wangu akauliza kwa nini maji hayamwagiki. Mwalimu akampa ndoo. "Zungusha wewe, halafu uniambie." Mtoto alilowa chapachapa, akacheka, akajaza tena. Nilikuwa sijawahi kumwona akicheka na fizikia.

Mwalimu huyu ana sharti lake. Hampi mwanafunzi kazi ya kuandika. Anampa kazi ya kumfundisha mtu wa nyumbani, na akija tena anamuuliza yule mtu, si mwanafunzi. Nyumbani kwetu mtu ni mimi. Nilimwambia, "Mwalimu, mimi niliishia darasa la nne, usinitie aibu uzeeni." Akajibu, "Bibi, ukifeli wewe, amefeli yeye." Basi kazi ikawa hiyo. Niko kwenye cherehani, mtoto ananiuliza. Nikikosea ananikazia macho kama mimi nilivyokuwa nikimkazia mama yake. Lakini kila aliponieleza mimi, ndivyo na yeye alivyoelewa. Jaribio la hesabu la wiki iliyopita alileta themanini na moja. Ile karatasi nimeibandika kwenye kioo cha wateja, anayetaka kujitazama ajitazame pembeni.

Sasa jenereta. Jirani yangu wa mlango wa pili anauza vipuri. Alileta jenereta bovu, kubwa kama jokofu lililolazwa, akaliweka mbele ya mlango wangu wa kazi. Alisema ni kwa siku mbili. Huu ni mwezi wa tatu. Wateja wanaingia ubavu ubavu. Mwenye mimba mmoja alishindwa kabisa, nikampimia nje kwenye jua. Kila nikimsemesha jirani jibu lake ni moja. "Mama, hilo linataka wanaume wanne. Nikiwapata nitalitoa."

Mnamo jana, Ijumaa, majira ya saa nane mchana, mjukuu wangu alirudi kutoka shule mapema. Somo la kunifundisha lilikuwa wenzo, pamoja na mzigo, egemeo na jitihada. Alinichorea. Nikamwambia mchoro siuelewi, nataka kitu nikishike. Tukaangaliana. Kisha wote wawili tukaligeukia jenereta.

Tulichukua bomba la chuma alilosahau fundi wa maji, na tofali likawa egemeo. Mara ya kwanza nilining'inia kwenye bomba kama nguo kwenye kamba, jenereta halina habari. Mtoto akasema, "Bibi, tofali liko mbali na mzigo." Akapiga hesabu sakafuni kwa chaki yangu ya kukatia nguo, akalisogeza tofali. Nikakandamiza kwa mkono mmoja, afande, huu huu wenye baridi yabisi, na jenereta likainuka. Nilipiga kigelegele, sioni aibu kusema. Tukalitia chini vipande vifupi vya bomba vya fundi yule yule, likaanza kuviringika. Mimi nilitaka litoke mlangoni kwangu tu. Lakini likishaanza kwenda linanoga, na mlango wa jirani haukuwa mbali. Tukaliacha pale, limekaa vizuri.

Saa kumi mwalimu akaja kufundisha. Sikumwambia kitu, nilimwonyesha. Alilizunguka jenereta, akaliangalia tofali, akaigeuza ndoo akaikalia, akacheka mpaka akafuta machozi. Akasema, "Bibi, umefaulu." Nimeshona miaka mingi na sijawahi kusifiwa nikafurahi hivyo. Baada ya kipindi aliomba bomba akawaonyeshe wanafunzi wengine. Mimi na mtoto tukatoka kupeleka sare. Nyuma yetu jirani alirudi, akakuta mlango wake umezibwa na mgeni anatoka na bomba mkononi, akapiga kelele za mwizi.

Naambiwa polisi walipomuuliza nani kasogeza jenereta, mwalimu alijibu, "Muulizeni Bibi." Wakadhani anawafanyia mzaha. Si mzaha. Swali la mwanafunzi wake yeye halijibu ng'o, na hapa mwanafunzi ni mimi.

Mjukuu wangu hakulala. Amebakiza kipindi kimoja tu, cha leo jioni, cha umeme, na ndicho anachokiogopa. Sitaki alale tena na viatu. Kama kuziba mlango wa mtu ni kosa, nifungieni mimi, mwalimu aende akafundishe. Ila wangu ulizibwa miezi mitatu na sikuja hapa.

Nimesomewa yote niliyosema na ndivyo nilivyosema. Bomba nalihitaji.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

MAELEZO YA AFISA

Sikuamini, hivyo nilimtaka shahidi athibitishe. Alichagua kabati la chuma la majalada, ambalo limeziba dirisha la ofisi hii tangu kabla sijahamia. Alitumia bomba (kielelezo) na tofali linaloshikilia mlango. Kabati limesogea. Dirisha limefunguliwa. Mlalamikaji alikuwepo, ameondoa malalamiko yake. Nilijaribu na mimi nikashindwa, shahidi akanirekebishia tofali, nikaweza. Mwalimu ameachiwa saa sita mchana pamoja na ndoo yake. Kielelezo kimerudishwa.

Nyongeza, wiki tatu baadaye: Shahidi amefika kituoni na karatasi ya matokeo ya mjukuu wake, akataka iwekwe kwenye jalada hili. Fizikia sabini na nane, hesabu themanini na nne. Nilimweleza kwamba shauri limefungwa na hicho si kielelezo. Alisema ni kielelezo. Nimeiambatisha.