Baba Alikuwa Akisema Amelala

Majengo, Sumbawanga
Machi 1994

Loth wangu,

Bado naisikia ile mashine ya sinema ikinguruma gizani kule Kirando, baba akiwa ameshika kipaza sauti, akiwafasiria watu picha kwa Kifipa. Mtu akifa kwenye picha, baba alisema, “Amelala tu.” Watu walirudi makwao wametulia.

Huku mvua haikatiki. Tangu apooze, baba hajatamka neno. Sasa mimi ndiye ninayefasiri mikanda ya Kiingereza kwenye banda la video.

Mama yako alinifuata hadi mlangoni mwa banda. “Mkwe wangu hapayuki mbele ya walevi. Chagua, binti: kazi hii au mwanangu!” Nawe umeniandikia nimdanganye kwamba nimeacha, ili atulie.

Jana mwanamke wa kwenye mkanda alikufa. Watu wakanipigia kelele: “Sema amelala, kama mzee wako!” Nilimtazama baba, niliyemkalisha benchi la mbele. Nikasema, “Amekufa.”

Leo, baada ya misa, nimemrudishia mama yako vitenge vya posa. Ukiulizwa habari zetu, usiseme bado tunangojana.

Aliyekuwa mchumba wako,
Evodia