Ofisi Haikuwa na Taarifa

Dada yangu mpenzi,

Salamu nyingi zikufikie hapo nyumbani. Goti limekuachia kidogo? Na Shemeji, kile kikohozi kimepungua, au bado anajifanya daktari wa nafsi yake? Sisi huku mwili mzima, hatujambo. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha niandike, maana kwa simu ungenikatiza katikati, nami ningepata kisingizio cha kunyamaza.

Najua mwanetu Chiriku yuko kwako tangu mwezi uliopita, na amekuambia hakuhitimu kwa sababu somo moja alilosoma ng'ambo lilikataliwa hapa chuoni. Ni kweli. Lakini amekueleza robo tu, nami nataka uyajue yote.

Kazi yangu unaijua, ingawa hujaacha kunitania kwamba nalipwa kwa kuchungulia mitihani ya watu. Mwanafunzi wetu akienda kusoma muhula kwenye chuo kingine, akirudi masomo yake yanapitia mezani kwangu. Naweka mtaala wao huku na wetu huku, nalinganisha mada kwa mada, saa za maabara, ugumu wa mtihani, kisha napeleka kwenye kamati iamue kama yahesabike kwetu. Ofisini wananiita Bibi Kanuni. Na kanuni yenyewe kubwa ni kwamba masomo mnakubaliana kabla mtu hajaondoka. Akitaka kubadilisha hata moja, aombe kwa maandishi na ofisi ikubali kwanza. Tuliiweka baada ya watu kuturudia na vituko. Mmoja alileta cheti cha kupiga mbizi, akashikilia kwamba hiyo ni fiziolojia.

Chiriku aliondoka na orodha safi kabisa. Wiki ya kwanza kule, mwalimu wa maabara ya damu akamsikia anavyojibu, akamwambia darasa lile linampotezea muda, akampandisha la juu. Jioni hiyo akanipigia simu, mimi niko jikoni nakaanga vitunguu, akanieleza kwa ule mdomo wake usio na breki. Dada, nilipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta! Nikamwambia awaonyeshe kazi, asituaibishe. Vitunguu vikaungua, tukacheka, tukaagana. Sikumwambia aandike ofisini. Haki ya Mungu haikunijia hata kidogo, kwa kuwa saa ile nilikuwa mama yake mdogo, basi. Naye akaona akishaniambia mimi, ofisi imeshajua. Nani angefikiri vingine?

Alirudi na alama za juu. Maabara ya hospitali ilikuwa imemwekea nafasi ya kazi, ila sharti awe amehitimu mwaka huu. Lilibaki somo lile moja lipite. Nilipofungua jalada lake nikakuta somo silo tulilokubaliana, na ombi la kubadilisha halimo, ndipo nikaikumbuka ile simu ya jikoni.

Nilimwomba mwenyekiti wa kamati nisilishughulikie suala la mtoto wa dada yangu. Akakubali, ila akasema nikae nijibu wakiwa na swali. Na wajumbe walikuwa upande wa Chiriku, Dada! Hata yule profesa asiyejua kutabasamu alisema ni upuuzi kumwadhibu mtu kwa kusoma kitu kigumu zaidi. Mwenyekiti akasema kuna mlango: kama ofisi ilipata taarifa wakati ule, kwa njia yoyote ile, kamati inaweza kuyasamehe maandishi. Akanigeukia, akaniuliza kwa upole kama ofisi ilipata taarifa.

Ningesema ndiyo, tungemaliza. Lakini mwaka jana binti wa bawabu wetu aliletwa kwa jambo lilelile. Alijitetea kwamba alimweleza mhadhiri wake kwa mdomo, wakiwa kwenye korido. Mimi ndiye niliyewaambia wajumbe kwamba maongezi ya korido si taarifa. Yule binti aliacha chuo. Baba yake bado ananifungulia geti kila asubuhi na kuniuliza nimeamkaje. Sura ya mzee yule ikanijia. Nikaona pia nitakavyosemwa kwamba nambeba wa kwetu. Nikajibu hapana, ofisi haikuwa na taarifa.

Somo likaanguka palepale. Lile la kwetu analotakiwa kusoma badala yake litafundishwa tena mwakani, na maabara haikungoja. Nafasi amepewa mwingine.

Nilimweleza mwenyewe jioni ile, bila kuficha kitu. Nilitarajia atapiga kelele, na heri angepiga. Aliniuliza tu siku ile ya vitunguu alikuwa anaongea na nani. Asubuhi alibeba mabegi yake, akaniaga kwa adabu zote na kuniita Madamu, kama wanavyoniita wanaokuja dirishani kwangu. Mtoto niliyekaa naye tangu kidato cha kwanza! Nilirudi ndani nikalia hadi nikachelewa kazini.

Nilijua atakuambia, nikawa naisubiri hasira yako. Jumapili ukanipigia. Ukanishukuru kwa kumpigania mwanao mbele ya maprofesa, ukasema bila mimi angekuwa yatima pale chuoni. Ndipo nikatambua amenisitiri. Nami, kwa aibu yangu, nikakuitikia asante.

Sikumpigania, Dada. Mlango ulikuwa wazi, nikaufunga mimi. Kuna saa najiambia nilimtendea haki yule binti wa bawabu, halafu najiona nilikuwa naogopa midomo ya watu tu. Ukijua wewe ni lipi, niambie, hata kama litaniuma.

Usimgombeze kwa kukuficha. Msalimie Shemeji, na majirani wote wanaoniulizia. Mkumbatie mwanetu, usimwambie ni kwa niaba yangu. Kunijibu au kutonijibu ni hiari yako, sitanung'unika. Ila zile shukrani zako za Jumapili, nakurudishia.

Ni mimi mdogo wako,
Kitindamimba