Mruko wa Hatua ya Kumi na Saba

Mwalimu Ndetaramo,

Dai langu ni hili, nalitamka kabla ya salamu: mruko ulio katika hatua ya kumi na saba ya kata yetu, ule mfululizo wa mapigo ya karate, hauna maana moja, na anayeapa kuwa ndiye mwenye maana pekee, awe na mkanda mweusi au shahada ya chuo kikuu, amefunga dirisha kisha analalamikia giza. Mwenye shahada ni mimi. Shikamoo.

Unakumbuka tulivyoachana. Kule ukumbini Shirimatunda, mbele ya chama kizima cha karate, nilisoma kurasa tisa kuthibitisha kwamba mruko ule ni ishara ya mwanafunzi kuuvuka ujinga na kuingia katika maarifa. Wewe, tangu sijui hata kufunga mkanda, ulitufundisha kwamba tunakwepa mguu wa adui unaofagia chini. Ulinisikiliza hadi ukurasa wa tisa, ukakuna kidevu, ukasema, "Msomi, ruka kwanza."

Watu wakacheka. Nami nikakuita, Mungu anisamehe, mwalimu wa kukariri, nikatoka. Miezi mitatu sikukanyaga ukumbini. Mama yangu alinisihi, "Chuma isale, mpelekee mwalimu wako." Nilijua, kama ajuavyo kila Mchagga, kwamba aliyeletewa jani hilo hawezi kukataa kusamehe. Nikamjibu kwamba hoja hujibiwa kwa hoja, si kwa majani. Ulipofariki nilikuwa bado naitafuta hoja.

Baada ya mazishi tuliamua kukuaga kwa kufanya kata uani kwako, Kibosho, ulipofanyia mazoezi ujanani. Tulikuwa kumi na wanne, nyuso zimejaa msiba. Tulipofika hatua ya kumi na saba tukaruka sote kwa pamoja juu ya nyasi kavu. Mama Ndeshi, mjane wako, akatoka jikoni na mwiko mkononi.

"Jamani, mnaruka nini? Mfereji ulishahamishwa zamani!"

Mfereji, Mwalimu! Maji ya kumwagilia kahawa yalikuwa yakikatiza uwanja wako wa mazoezi, nawe ukiruka usilowe miguu. Wazee wa mfereji wakayahamishia ng'ambo ya migomba, mruko ukabaki. Mama Ndeshi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akalia, kisha akatuuliza kama tumekula.

Papo hapo Melkizedeki, katibu wetu, akapendekeza mruko ufutwe: chama hakiwezi kurithisha woga wa maji baridi. Nilikaribia kumuunga mkono, maana fedheha ya kurasa tisa si ndogo. Lakini wiki iliyofuata tulisimama naye kwenye foleni ya sukari Bomang'ombe. Mbuzi wa mtu akakurupuka, mwenyewe kang'ang'ania ncha ya kamba, na kamba ikafagia miundi ya foleni nzima. Nikajikuta hewani. Sikufikiri, sikunukuu kitabu. Nilipotua, Melkizedeki alikuwa chali, kapu kifuani.

"Usiseme neno," akaniambia.

Sikusema. Nakuambia wewe tu.

Kwa hiyo mfereji ni kweli. Adui afagiaye chini ni kweli, hata akiwa na pembe. Na kurasa zangu, zikisomwa kwa huruma, zina chembe ya ukweli, kwani upo ujinga wangu mwenyewe niliouvuka, japo kwa kuchelewa. Mruko unabaki. Nitaufundisha maisha yangu yote, na atakayeniuliza maana yake nitamwambia aruke kwanza. Hiyo ni ahadi.

Limebaki moja, nalo linaniuma. Leo asubuhi nimechuma isale kwenye mpaka wa kihamba chenu, shamba la ukoo. Jumapili, baada ya ibada, nitaliweka kaburini kwako. Wazee wa mfereji wamekubali, kwa debe moja la mbege, pombe yetu ya ndizi, kuyarudisha maji katika njia yake ya zamani kwa saa moja. Nitafanya kata peke yangu, chama kizima kikitazama, Mama Ndeshi akiwapo na mwiko wake.

Nilikutukana hadharani, Mwalimu. Nakudai unijibu hadharani. Kwa heri hadi hapo. Mfereji ni mpana, na miguu yangu unaifahamu. Nikitua ng'ambo mkavu, nitajua umenisamehe. Nikitumbukia, nitajua umenisamehe, na unacheka.

Mwanafunzi wako mbishi,
Aminieli