Chapwa Haiuzwi Dukani

Rafiki yangu Yohana,

Umeshinda. Nimeanza na hilo kwa sababu nakujua: ungekuwa hai, ungeruka salamu zote ukitafuta mahali palipoandikwa nani ameshinda. Basi ni wewe. Mama Esta mwenyewe amekubali, mbele ya watu, mchana kweupe, na mimi mume wake nilikuwepo nikasikia.

Sasa rudi juu tusalimiane. Sisi wa shamba hili la juu ya Njoro hatujambo. Ng'ombe wanakamuliwa, baridi ni ile ile, na nyapara bado anapiga kelele kama aliyemeza filimbi. Mwandiko wangu pia ni ule ule. Ulizoea kusema unafanana na ndama aliyepita kwenye matope. Nakuarifu kwamba ndama huyo bado hajapata mahali pakavu. Chumba chako cha dawa amepewa dresa mwingine wa kututibu, mtu mpole, hagombani na yeyote, na kwa hivyo hatuna cha kuzungumza wakati wa chai.

Tangu homa ya mapafu ilipokuchukua nimetaka kukuandikia mara nyingi, nikakosa la kusema. Mtu amwandikie nini rafiki aliyemcheka mpaka mwisho? Maana tulikucheka, Yohana. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote, na mimi ndiye niliyekuwa rafiki yako.

Unaikumbuka ile Jumamosi ya posho. Tulikuwa tumepanga mstari kama kawaida, kila nyumba ipate unga wake na chumvi yake ya wiki. Ukapanda juu ya gunia, ukawaambia akina mama kwamba mtoto ambaye hajatimiza mwaka asitiwe chumvi kwenye uji. "Mpeni uji chapwa," ulisema. Sasa wewe ulisomea kazi yako Mombasa, ukarudi na Kiswahili cha huko ndani ya sanduku pamoja na sindano. Huku kwetu chakula kisicho na chumvi hakina chumvi, basi. Chapwa hakuna aliyelijua, na kila mtu aliona haya kuuliza. Tukaenda nyumbani tukiamini chapwa ni unga mpya wa watoto, wa pakiti.

Na nani alipanda lori la maziwa mpaka Nakuru kwenda kuununua? Kitinda mimba wetu alikuwa anaanza uji wakati ule, nami nilitaka watu waone kwamba rafiki wa daktari ni mtu wa mbele. Duka la kwanza niliomba pakiti mbili za chapwa. Mwenye duka alinitazama, akatazama rafu zake, akasema imekwisha, nijaribu wiki ijayo. Duka la pili hawakutaka nitoke mikono mitupu, wakaniuzia wanga wa kupigia nguo pasi. Nilirudi nimeukumbatia. Wewe ulipouona ulicheka mpaka ukakaa kwenye kizingiti cha zahanati, ukapangusa macho, ukasema, "Barnaba, chapwa haiuzwi dukani. Chapwa ni kuacha kutia."

Mama Esta aliipeleka habari hiyo mferejini, na kufikia Jumapili jina lako lilikuwa Chapwa. Chapwa anapita. Chapwa amekuja na sindano. Wewe ukaitika kana kwamba ndilo ulilobatizwa nalo.

Lakini niruhusu nitutetee kidogo. Chumvi ndiyo tuliyokuwa nayo. Maziwa yalikuwa ya Bwana mwenye shamba, siagi ya Bwana, mboga za kubahatisha. Mama asiye na kitu kingine cha kutia katika uji wa mwanawe alitia chumvi, akakoroga, akaonja, akajua kwamba amempa mtoto kitu. Halafu unakuja wewe na koti lako jeupe kusema hicho kimoja nacho akitoe. Hapo, kwa heshima yote, hukuwa na jibu. Ulizungumza juu ya figo. Uliinua ngumi zako mbili ukasema za mtu mzima ni kubwa hivi, za mtoto ni kama maharagwe mawili ambayo bado yanajifunza kazi, nasi tunayatwika mzigo wa mwanamume. Nyapara akauliza kwa sauti kama maharagwe huenda shule. Ukaendelea na ulimi: ulimi uliofundishwa chumvi ungali mchanga utaidai mpaka uzeeni, na damu itakuja kusukuma kama maji ndani ya bomba jembamba.

Mfano wako ulikuwa mimi. Ulinifunga mkono kwa kile kitambaa chako cha mpira cha kupimia presha, ukapuliza, ukasikiliza, ukapuliza tena kana kwamba kimekudanganya. Ukaniuliza natia chumvi kiasi gani. Nikasema kidogo tu. Ulikuwa umekula kwangu, ulijua natia kabla ya kuonja, na kwamba kanisani nilibeba nyingine ndani ya karatasi, mfukoni mwa koti, labda tutaalikwa mahali. "Wewe ulianza kuitafuta chumvi kabla hujaota jino," ulisema. Nilidhani unanisifu.

Kuna swali moja uliniuliza ambalo ningelisikia vizuri, leo nisingekuwa na aibu hii. Ulikuja kwenye banda la ndama kuchukua maziwa ya chai, yale ambayo Bwana hakujua kwamba alikuwa anakupa. Ukaegemea mlango, ukauliza, "Ndama wako unampa chumvi lini?" Nikanyoosha mgongo. Nikakufundisha kama profesa: kamwe, mpaka awe anakula majani vizuri na ana maji safi siku nzima. Ndama mdogo akiivamia chumvi na maji hana, anayumba, anatetemeka, anakufa ulimi ukiwa mkavu. Nimekaa na ndama wa Bwana tangu niliporudi kutoka vita vya Burma, nikakuambia, sijapoteza hata mmoja kwa njia hiyo. Ulinitazama kwa muda mrefu. Ukasema asante, ukaenda na maziwa yako. Nilifikiri nimekushangaza kwa ujuzi wangu. Yohana, ungenipiga tu na ile ndoo.

Sasa nikueleze habari ya Zipora, maana wewe hukumwona.

Esta, binti yetu wa kwanza, yule aliyeolewa na dereva wa trekta, alijifungua miezi michache baada ya kukuzika. Mtoto wa kike, mzito, na sauti ya nyapara. Esta aliporudi kuchuma maua ya pareto, mtoto akawa anashinda kwa nyanya yake. Alipofika umri wa uji, Mama Esta akampikia kama anavyojua yeye. Hakuna aliyesema neno. Nami pia sikusema.

Kisha mtoto akaanza kuharisha na kutapika. Dawa ya Mama Esta ni nguvu: uji mzito zaidi, chumvi zaidi. Hayo yaliendelea siku mbili. Siku ya tatu nilirudi saa nne asubuhi kunywa chai, nikasikia kilio chembamba ambacho si chake. Nikampakata. Ulimi mkavu kama kitambaa. Nilipomsogezea kikombe cha maji alikishika kwa mikono yote miwili akanywa kama anayekimbizwa, na mkono mmoja ukawa unashtuka shtuka wenyewe. Macho yalinitazama lakini hayakufika kwangu. Nilikuwa nimeyaona macho yale kabla. Sikuwahi kuyaona kwa binadamu.

Nikasema, "Mama Esta, huyu mtoto amekula chumvi."

Akaniambia mtu wa ndama arudi kwa ndama wake.

Unajua historia yangu ya kubishana na mwanamke huyu. Nimewahi kushindwa siku ambayo yeye alikuwa amelala. Lakini asubuhi ile nilimwambia, "Ndiyo, mimi ni mtu wa ndama. Huyu angekuwa ndama, ningekuwa nimeshamwambia Bwana kwamba anakufa."

Akamtazama mtoto, akanitazama mimi, akafunga kitambaa kichwani. Tukaenda kumtoa Esta kwenye pareto, naye akaja mbio na mikono yake ya manjano. Lori la maziwa lilikuwa halijaondoka. Tulikaa katikati ya mikebe mpaka Nakuru, Esta amempakata mtoto. Mimi nilikuwa nakusikia wewe. Maharagwe mawili. Nilikuwa nakusikia vizuri sana.

Hospitalini muuguzi akauliza mtoto anakula nini. Nikajibu mimi. Akauliza chumvi kiasi gani. Mama Esta akaonyesha kwa vidole. Muuguzi alipovitazama, akaonyesha tena, mara hii kidogo kuliko mara ya kwanza. Muuguzi hakumgombeza. Alisema figo za mtoto kama huyu haziwezi kutoa mzigo huo, na akiharisha, maji ndiyo yanayotoka, chumvi inabaki ndani. Nikasema basi tumpe maji mengi sasa hivi. Akasema hapana, polepole, kwa kipimo, maana ukimjaza kwa haraka unamwumiza ubongo. Nikaona haya tena. Hata ndama ni hivyo hivyo. Nilijua, Yohana. Kila walichoniambia mle ndani nilikuwa nakijua, ila nilikijua upande wa bandani.

Siku mbili hatukujua kama ataishi. Sitakuandikia siku hizo.

Siku ya tatu asubuhi, nikiwa nimempakata ili Esta anawe uso, Zipora alinikojolea. Si kidogo. Koti langu la kanisani, kuanzia kifuani mpaka mfukoni, na ile karatasi yangu ya chumvi ndani. Nilikaa pale nimelowa, nikacheka mpaka wagonjwa wakageuka. Muuguzi akasema hiyo ndiyo habari aliyokuwa akiingojea. Nikajisemea, maharagwe yamefaulu mtihani. Nikageuka nikuambie. Nikageuka kweli, rafiki yangu, mdomo wazi. Palikuwa na ukuta.

Tulipopewa ruhusa, Mama Esta alimwuliza muuguzi amlishe mtoto nini. Uji kama kawaida, akaambiwa, na maziwa yakipatikana, lakini chumvi asimtilie mpaka apite mwaka. Mama Esta akafikiri. Kisha akasema, polepole, kama anayeonja, "Chapwa."

Muuguzi hakulijua neno hilo. Basi mke wangu akamweleza. Alimweleza vizuri, Yohana, mpaka na ngumi mbili akainua.

Jumamosi ya posho iliyofuata alipanda juu ya gunia. Sikumtuma, na gunia lenyewe lilikuwa limelegea, nikasimama nyuma kumshikilia. Alisema, "Yule mtu tuliyemwita Chapwa alisema kweli. Jina nilimpa mimi. Anayetaka kucheka aje acheke hapa karibu nimwone." Hakuna aliyecheka. Nyapara alitazama viatu vyake. Halafu akawaeleza kila kitu, hata kiasi alichoonyesha kwa vidole, kile cha kweli.

Na lile ambalo wewe hukuwa na jibu lake, yeye alilipata. Malenge ya kupondwa. Ndizi mbivu. Na maziwa! Alikwenda mwenyewe kwa Memsabu, mke wa Bwana, akauliza yale maziwa yaliyotolewa siagi, ambayo wanamwagiwa nguruwe, kwa nini yasipewe watoto wachanga. Memsabu akasema hakuna aliyewahi kumwomba. Sasa kila nyumba yenye mtoto inapata kikombe asubuhi. Nguruwe hawajatusemesha tangu siku ile.

Ungesikia laini yetu ya nyumba za wafanyakazi siku hizi. Mama anapika sufuria moja, anatoa bakuli la mtoto, ndipo anatia chumvi ya wengine. Jirani akipita anauliza, "Umeshatoa chapwa?" Watoto wasiotimiza mwaka wanaitwa machapwa. Wapo tisa, wana kelele zao, na mama zao wanawatembeza kama wameshinda maonyesho ya ng'ombe. Neno lako limeoa huku, halirudi Mombasa.

Mimi pia nimepunguza. Mwezi mzima chakula kilikuwa kama kutafuna kofia. Kisha siku moja nikala kiazi cha Kuresoi nikagundua kwamba kiazi kina ladha yake mwenyewe, na nimefika umri huu bila kujulishwa. Dresa mpya amenipima, anasema presha imeshuka kidogo. Kidogo tu, ulimi wangu ulisoma mapema. Hilo halirudi nyuma, nami sitamlaumu mama yangu, naye alitia alichokuwa nacho.

Shamba la jirani, upande wa Molo, wamemwita Mama Esta akazungumze na akina mama wao Jumapili baada ya kanisa. Mimi nitabeba malenge. Na hii ndiyo ahadi yangu kwako: huko na kokote atakakoitwa, kabla hajafungua mdomo, nitasimama mimi niseme habari hii ni ya nani. Nitalitaja jina lako lote, Yohana, dresa wa zahanati yetu, na nitasema kwamba mimi nilikucheka. Hata wakichoka kunisikia.

Nilitaka kuandika zaidi, lakini Zipora, aliyekuwa amesimama ameshika ukingo wa meza akinipokonya kalamu, ameachilia. Hajawahi kutembea. Hatua moja, ya pili, amekaa, ameinuka, sasa amefika mlangoni na anaelekea kwa ndama bila kuaga. Kwaheri, rafiki yangu. Lala salama. Mimi inabidi nikimbie.

Wako,
Barnaba