Ng'ombe wa Mzee Malongo kwenye Lenzi ya Hamsini

Jumatano, 2 Julai 2025

Lenzi imefika. Ya milimita hamsini, f/1.8. Imetumika, ila kioo ni safi – nimeimulika kwa tochi, hakuna kuvu. Imekuja na basi kutoka Mwanza ndani ya soksi. Soksi nayo nimebaki nayo.

Picha ya mwezi wa Juni kwenye kundi letu la picha mtandaoni ni ya Elick tena. Elick ndiye kiongozi wa kundi, ndiye anayechagua, na ndiye anayeshinda. Hesabu hiyo hata mtoto wa darasa la pili anaiona. Picha yenyewe: kikombe cha chai dirishani. Mimi nilituma ukungu wa alfajiri juu ya mto Ruvubu, viatu vimelowa mpaka soksi. Vidole gumba vitatu. Kimoja ni changu, kwa laini ya pili.

Sheria ya Elick ni kwamba kila picha iende na namba zake – f ya uwazi wa lenzi, kasi ya shata, ISO ya mwanga – ili wengine wajifunze. Watu thelathini na mmoja. Anayefuata sheria ni mimi tu. Na bado wanaicheka stendi yangu ya kamera! Nimeichomelea mwenyewe kwa nondo, hapa hapa kwenye karakana yangu ya mageti. Kilo tisa, sawa, ni nzito. Lakini ya Elick ya dukani iliangushwa na upepo siku ya Pasaka, kamera ikiwa juu. Yangu hata ng'ombe akiipiga kichwa, ataumia yeye.

Eustakia, mke wangu, anasema nikimpiga picha naangalia namba kwanza, yeye baadaye. Si kweli. Mara nyingine nasahau kumwangalia kabisa.

Ijumaa, 4 Julai

Christina wa kundini ameniandikia pembeni. Nesi, yuko Biharamulo, anapiga picha za ndege kwa simu. Baba yake, mzee Malongo, ni mfugaji. Alihamia huku kutoka Shinyanga zamani, na mwaka huu ameamua kuwagawia wanawe wanne wa kiume ng'ombe, kila mmoja aende na fungu lake. Siku ni Jumamosi ya tarehe 19. Kabla ya hapo anataka picha moja: yeye na kundi lote likiwa bado moja. Baada ya hapo halitakuwepo tena.

Nikamuuliza kwa nini mimi, si Elick.

Akasema: wewe ukisema unakuja, unakuja.

Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi kuliko inavyofaa.

Jumapili, 6 Julai

Baada ya misa ya kwanza nikafunga stendi kwenye pikipiki, kutoka kwetu Mbuba mpaka kwa mzee Malongo, vumbi mwanzo mwisho. Mzee mrefu, fimbo, kofia ya sufu kwenye jua. Nikampa shikamoo. Akaitikia, kisha akaiangalia stendi akauliza kama nimekuja kuchimba kisima.

Nikafungua lenzi yote, f/1.8, maana ndivyo wakubwa wanavyofanya: uso mkali, nyuma inayeyuka. Ng'ombe wote nyuma yake. Picha safi. Kila unywele wa kidevu unaonekana.

Nikamwonyesha. Akaisogeza karibu, akaipeleka mbali.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Ni hao hapo nyuma, baba. Nimewalainisha."

"Umewapika uji." Akanirudishia kamera. "Pua yangu naijua, ng'wanawane, mwanangu. Nimekaa nayo miaka sabini na kitu. Nilitaka ng'ombe."

Wanawe walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nirudi wiki ijayo, amesema. Nimerudi na vumbi masikioni.

Jumatatu, 7 Julai – Sabasaba

Karakana imefungwa. Nimeuliza kundini, kwa unyenyekevu. Elick akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika tatu: ziba lenzi mpaka f/11, rudi nyuma, panda juu ya kitu, kila kitu kionekane mpaka kwato. Inaniuma kusema hivi, lakini ameeleza vizuri.

Jumapili, 13 Julai

Siku imeanza vizuri, ikaisha vibaya. Niandike kwa mpangilio.

Nilipanda kichuguu pembeni ya zizi na stendi yangu. (Ya Elick ingepanda?) f/11, shata 1/250, ISO 200. Mzee mbele, ng'ombe wametandazwa nyuma yake kama nguo zilizoanikwa, pembe moja moja. Hata kupe ungemwona. Mzee aliangalia akaanza kuwataja kwa rangi zao na tabia zao – huyu mwizi wa mahindi, huyu mama yao wote. Alifurahi. Nilipewa maziwa mgando kibuyu kizima.

Nikasimama barabarani kwenye mtandao, nikaituma kundini. Na namba zote kama sheria inavyosema. Na kwa kuwa napenda kazi iliyokamilika, nikaongeza idadi ya ng'ombe. Niliwahesabu kwenye picha mmoja mmoja, pamoja na ndama aliyejificha nyuma ya dume.

Vidole gumba kumi na tisa! Elick mwenyewe: hii ndiyo ya Julai, tusitafute nyingine.

Niliendesha nikiimba.

Nimefika nyumbani, Christina anapiga. Sauti ya chini. Kaka yake mkubwa amerushiwa maandishi na mtu wa kundini, amemsomea mzee. Ng'ombe hawahesabiwi kwa mdomo pale kwao. Mzee mwenyewe jioni anajua kama mmoja hajarudi, lakini idadi hajawahi kuitamka, wala mwanawe yeyote. Ukiitamka umewaitia kifo. Na mimi nimewaambia watu thelathini na mmoja.

Nikamwambia ni namba tu, Christina.

Akasema: kwako.

Mzee haitaki tena hata picha. Amesema picha inayohesabika haikai nyumbani kwake.

Jumatatu, 14 Julai

Nimebonyeza futa kwa wote. Vidole gumba vyangu vikaenda nayo.

Elick: kaka Rogasian umerukwa na akili, umefuta picha ya mwezi? Nikaandika: mwenyewe hajaridhia. Basi. Picha ya mwezi sasa ina uwezekano wa kuwa kikombe kingine.

Nina hasira, na sijui na nani. Nimefundishwa namba, nikazifuata, nikaadhibiwa kwa namba. Eti nisihesabu! Mimi karakana hii nimeianza na nyundo moja na msumeno wa kuazima, na nimefika hapa kwa kuhesabu kila kitu.

Lakini namkumbuka mzee akiwataja kwa rangi. Hakufika hata kwenye namba moja.

Jumatano, 16 Julai

Nadhani nimeipata.

Uji mzee hautaki, maana ng'ombe hawaonekani. Mpaka kwato hataki, maana wanahesabika. Basi kati ya uji na kwato lazima pawe na mahali. Nikapanga matofali arobaini nyuma ya karakana, mbele yake dumu la maji liwe mzee Malongo. Nikapiga f/1.8, 2.8, 4, 5.6, 8. Kisha nikamwita Eustakia aje ahesabu kwenye kioo cha kamera.

"Nimeacha mboga jikoni nije nihesabu matofali?"

"Hesabu tu."

Kwenye 8 alihesabu yote arobaini, kwa dharau. Kwenye 1.8 akauliza kama ni nyasi. Kwenye 4 akafika kumi na mbili, akarudi, akafika kumi na tano, akaniangalia. "Ni matofali. Ni mengi. Nimepotea."

Nilitaka kumbusu, lakini mboga ilikuwa inaungua.

Kitu cha pili ni kichuguu. Juu unawatenganisha. Nikichuchumaa chini wanafichana, pembe juu ya pembe. Hilo Elick hakulisema.

Ijumaa, 18 Julai

Nimempigia Christina, nikamweleza matofali. Alicheka. Nyumbani kwao hakuna kicheko, anasema. Kaka zake wamegombana tangu juzi nani achukue dume, hawasalimiani. Akampigia mzee kumuuliza. Jibu: aje, ila mdomo auache kwao.

Jumamosi, 19 Julai

Naandika nimekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, mlangoni mwa zizi.

Nilifika jua halijapanda. Mzee: "Umekuja na ile mashine ya uji?" Nikamwambia leo nitapika kitu kigumu kidogo. Hakucheka, ila alisimama nilipomwonyesha.

Stendi nimeiacha kwenye pikipiki. Nimelala kifudifudi kwenye samadi. f/4, 1/500. Vumbi likapanda lenyewe.

Mzee akashika kamera kwa mikono miwili. Kidole kikaanzia pembe za kushoto, kikatembea, midomo inacheza. Kikasimama katikati. Kikarudi. Kikaanza tena. Mara ya tatu akakiondoa.

"Wewe unaona wangapi?"

Wanawe wote wanne wakageuka. Idadi ninayo kichwani tangu Jumapili, haitoki.

"Wamejaa, baba."

 Halafu akaingia ndani na kamera kumwonyesha mama, mke wake. Nimemsikia mama akicheka.

Sasa ametoka amevaa koti, anahangaika na vifungo. Anataka nyingine, na wanawe ndani yake, kabla mtu hajafungua zizi. Betri imebaki kijiti kimoja. Picha moja, labda mbili.

Wamejipanga. Wanne, na kati ya kila mmoja na mwenzake inapita pikipiki yangu na stendi juu. Nimewaambia lenzi hii ni nyembamba, hawatoshi, wasogeleane. Mdogo ametazama chini. Mkubwa anasema mimi ndiye nirudi nyuma.

Nikirudi nyuma nitaingia kwenye miiba. Nimemwambia hivyo. Mzee amemaliza vifungo, anasubiri. Hakuna aliyesogea bado. Mdogo anahamisha fimbo kutoka mkono wa kulia kwenda kushoto, upande wa nje, ili upande wa kaka yake ubaki wazi. Naweka kalamu, nashika kamera.