Maua ya Mama Aliye Muzima

Kashikishi, Nchelenge
15 Juni 2024

Mpendwa ndugu yangu Evariste,

Jambo sana. Natumaini wewe, muke wako Misozi na mutoto Chisomo muko wazima huko Durban, na baridi haiwasumbui. Sisi huku tuko, tunamushukuru Mungu kwa yale anayotupa.

Mama alitoka hospitali siku kumi zilizopita. Miguu ingali imevimba, lakini uji anakunywa, na kutugombeza hajaacha. Chisense, dagaa wetu, imekuwa kidogo ziwani, na wanunuzi wa ng'ambo wanalalamika kila siku. Hayo tuyaache.

Maua yako yalifika Jumamosi iliyopita. Nakuuliza bila kuzunguka: umesahau hata kwenu? Hapa maua ya kufungwa na nailoni ya kung'aa hapelekewi mugonjwa kitandani. Yanapelekwa kaburini. Hata mutoto mudogo wa Nchelenge anajua.

Yalitoka dukani Ndola kwa basi, na hapa akayachukua Ackson, yule wa pikipiki. Wewe hukuandika namba ya lupango, kiwanja chetu, basi alizunguka soko lote na maua meupe kifuani, anauliza, "Kwa Mama Dorica ni wapi?" Nani angebaki na swali? Wamama wa kanisa wakasoma na kadi yako: "Pumzika vizuri, Mama." Ee, Evariste! Hata mimi ningelia.

Sijamaliza kuosha sahani, lupango limejaa. Huyu na kuni, yule na unga, vitenge kiunoni, wanalia jina lake. Mama akatoka ndani na fimbo yake, akauliza, "Nani amekufa?" Mumoja alikimbia, akaacha unga wake palepale. Mama mudogo Vicky naye alikuwa amekwisha kupanda mutumbwi kule Kilwa, ng'ambo ya ziwa. Alishuka hapa amelowa, sauti imekauka kwa kulia, akamukuta dada yake anakula.

Hayo ningekusamehe, na tungecheka. Lakini binamu yetu Hervé, na haraka zake, alikuwa amekwisha kutuma habari ya kifo kwenye kundi la famili, kwa simu. Na wewe ulijibu baada ya nusu saa: "Nimepata tiketi ya ndege. Nafika Alhamisi. Musizike kabla sijafika."

Nusu saa! Miaka sita unatuambia hakuna likizo, hakuna njia, mukubwa wa kazi ni mubaya. Mama alilazwa mara tatu, ukatuma salamu. Amekufa kwa makosa, siku moja tu, na ndege imepatikana! Tulipokuambia yuko muzima uliandika, "Mungu asifiwe," ukarudisha tiketi. Nilisoma mara mbili, nikasikia haya kwa ajili yako.

Ubaya ni kwamba Vicky alikuwa amemusomea Mama ujumbe wako ule wa kwanza. Wa pili, hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumusomea. Alhamisi alioga mapema, akavaa kitenge cha siku ya arusi yako, akaketi mulangoni. Gari likipunguza mwendo, ananyoosha shingo. Nilimuita ale, akasema atakula na wewe. Jua lilipoanza kushuka nikamuambia ukweli. Nilifikiri atalia. Alikunja mikono, kisha akasema:

"Basi umuandikie kwamba nimekufa kweli. Atakuja."

Nimekataa kuandika hivyo. Nimekuandikia yote kama yalivyokuwa, na Mama anajua kwamba nakuandikia.

Vicky na Hervé wanawasalimu. Umubusu Chisomo kwa niaba ya bibi yake, ambaye hajamuona hata mara moja. Mungu awalinde, na akupe wewe masikio.

Ni mimi yaya wako, dada yako mukubwa, nakupenda pamoja na hasira yangu yote,

Clémentine